Kaburi la Siku Saba

Mzee Mvuke alistaafu mara nne, na ni mara ya kwanza tu aliyopigiwa makofi.

Mara hiyo ya kwanza ilikuwa ya heshima. Wafanyakazi wa kiwanda cha mablanketi walisimama uani, Meneja akasema maneno mawili matatu, mzee akapewa mablanketi mawili ya daraja la kwanza, akayabeba begani kama mtu anayehama nyumba. Miaka thelathini na moja alikuwa ameishi na boila, akiilisha moto na kuisikiliza, mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Kesho yake, tarehe mosi, Karani wa Watumishi akafungua orodha ya watu kwenye kompyuta, akalitafuta jina lake, akalifuta. Mtu ameondoka, jina limeondoka. Hapo mambo yangekuwa yamekwisha.

Mezani pa simu, chini ya ngazi za jengo la juu, aliketi mpwa wake. Naye jina lake lilikuwa halitumiki. Kiwanda kizima kilimwita Sikio. Alikuwa na elimu ya msingi tu. Aliingia kiwandani kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye pindo za mablanketi, akazikata miaka miwili, mpaka opereta wa zamani alipoacha kazi na mjomba akasema, "Mjaribuni huyu binti. Hana maneno mengi, lakini anasikia." Wakamjaribu, na toka siku hiyo hakuinuka tena pale. Aliunganisha simu za jengo la juu wanakofuma, jengo la chini wanakotia rangi, na ghala lililo ng'ambo ya reli, wanakomalizia kazi na kufunga mizigo. Mtu akihama chumba, Sikio ndiye aliyebadilisha namba yake kwenye orodha. Orodha ile ilikaa kwenye visanduku vitatu vya kompyuta, kimoja kila jengo, na malango yalizifungukia kadi za waliomo humo tu. Kwa hiyo watu waliokuwa na neno la siri la kuandika kwenye orodha ile walikuwa wawili tu, Karani na yeye.

Alikuwa na daftari lake pia, la mistari, lenye jalada lililoshonewa kipande cha blanketi. Humo aliandika simu zisizopokelewa: siku, saa, na mahali. Hakuna aliyemwagiza. Alipenda tu kujua nani hajibu, na kwa nini.

Tarehe ishirini na tano ya mwezi ule alipiga simu ghalani mara sita bila kujibiwa. Akaona heri ampigie mtu wa boila, maana boila iko nyuma ya ghala, akawapigie kelele wenzake. Akafungua orodha atafute namba. Chini ya neno "Boila" palikuwa na watu wawili: fundi mpya, na Mzee Mvuke.

Sikio akacheka peke yake. Kisha akapanda ngazi kwa Karani.

"Dada, mjomba wangu amefufuka."

Karani akatazama, akasonya. "Nilimfuta kwa mkono wangu huu! Labda sikubonyeza vizuri." Akamfuta tena. Ndiyo mara ya pili mzee kustaafu, na wala hakujua.

Mwezi uliofuata, tarehe kumi na tisa, ghala halikupokea simu tena. Sikio akafungua orodha atafute namba ya boila. Mzee Mvuke alikuwepo, ametulia, kama mtu aliyekwenda kunywa maji akarudi.

Safari hii Sikio hakucheka. Akapanda ngazi akasema, na Karani naye akaenda kusema kwa Meneja.

*

"Kaa," Meneja alimwambia.

"Nimezoea kusimama, bosi."

"Watu wangapi wana ruhusa ya kuandika kwenye orodha hii?"

"Wawili. Karani na mimi."

"Karani ana udugu na Mzee Mvuke?"

"Hana."

"Wewe?"

"Ni mjomba wangu. Tumbo moja na mama."

"Haya, hesabu imekwisha," Meneja akasema, akageuza kioo cha kompyuta. "Hapa pameandikwa jina lilirudi tarehe nne, saa saba na robo mchana, likitokea kisanduku cha tatu, cha ghalani. Saa saba mchana wewe huwa wapi?"

Saa saba ni saa ya chakula, na kila siku saa hiyo yeye huvuka reli kwenda lango la ghala. Mjomba hakuweza kukaa nyumbani. Alikuja kila mchana kucheza drafti na mlinzi wa lango lile, kisha akaingia kidogo kuisikiliza boila yake. Sikio alimpelekea chakula.

"Huwa niko langoni, ghalani. Lakini bosi, mimi mwenyewe ndiye niliyekuja kusema jina limerudi. Mara zote mbili."

"Mwizi ndiye wa kwanza kupiga mayowe," Meneja akasema, wala hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma bei ya sukari. "Neno lako la siri linafanya kazi kwenye visanduku vyote vitatu. Mzee anataka lango liendelee kumfungukia, wewe unampenda mjomba wako. Nani asiyempenda mjomba wake? Sasa sikiliza. Karani analifuta leo, mbele yako. Likirudi tena, unarudi kukata nyuzi. Na yule Fundi aliyefunga visanduku akija nitamwambia abakize kisanduku kimoja tu cha kuandikia, hapa ofisini. Fahali wawili hawakai zizi moja, sisi tumeweka watatu!"

Karani akabonyeza. Mara ya tatu.

Sikio alishuka ngazi moja moja, akifikiri. Jina likirudi, watasema ni yeye. Lisiporudi, watasema ni yeye, kaogopa. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu: ajue nani anayeliandika.

*

Fundi aliyefunga visanduku vile alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito, aliyeishi mji mwingine. Watu walimwita Fundi Nyaya kwa sababu alipokuja alitembea na nyaya zimezungushwa begani kama mkoba. Jioni ile, kazi zikiwa zimepungua, simu yake ikaingia.

"Halo, meza ya simu."

"Ndiyo wewe mchawi mwenyewe?" Fundi akauliza.

"Ndiyo mimi. Ungo nimeuegesha nje."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Meneja wako amenipigia akifoka. Nitakuja wiki ijayo, Alhamisi, sina nafasi kabla ya hapo. Nimechungulia toka huku. Kisanduku cha kwanza kizima, cha pili kizima. Cha tatu hakijibu, bila shaka ile kebo ya relini tena. Hiyo si mpya."

"Mama, naweza kukuuliza?"

"Uliza."

"Kwa nini vitatu? Kwa nini si kimoja?"

Fundi alisikika kama mtu asiyezoea kuulizwa. "Nilikuwa na njia mbili," akasema. "Ya kwanza, kimoja kinaandika, viwili vinanakili tu. Safi, haina ugomvi. Lakini kebo ikikatika, huko chini na ghalani watasoma tu, hawataweza kuandika hata herufi. Mtu mpya ameajiriwa leo, kadi yake haifungui mpaka kebo ishonwe. Na hicho kimoja kikifa, ndiyo basi, kiwanda kizima kipo nje ya lango kinaota jua. Njia ya pili, vyote vitatu vinaandika. Kila kimoja kikiandika neno, kinawaambia wenzake. Kebo ikikatika kila mtu anaendelea na yake, ikipona wanapeana habari."

"Na wakiandika tofauti? Huyu aseme mtu yuko chumba cha tano, yule aseme cha tisa?"

"Kila neno lina saa yake na namba ya kisanduku. La baadaye ndilo linaloshinda. Ndiyo maana nilihangaika sana na saa zao, zisipishane."

Sikio alizungusha waya wa simu kwenye kidole. "Na kufuta je? Neno lililoandikwa utalitangaza, sawa. Lakini kitu ambacho hakipo utamwambiaje mwenzio?"



"Wewe umesoma mpaka wapi?" Fundi akauliza.

"Shule ya msingi."

"Basi sisi wengine tumepoteza ada. Hilo ndilo swali lenyewe, mwanangu. Jina likifutwa halitoweki papo hapo. Panabaki alama, sisi tunaiita kaburi. Kaburi linasema: hapa palikuwa na mtu, ameondolewa, msimrudishe. Vile vingine vikija vinaliona kaburi, navyo vinazika. Baada ya siku kadhaa kaburi linafagiwa, maana ukiyaacha yote utajaza uwanja."

"Siku ngapi?"

"Niliweka saba. Zinatosha, hivi vinasalimiana kila dakika."

"Na kinaandika ni mkono wa nani ulioandika?"

Fundi akavuta pumzi. "Kingeweza. Sikukiwasha hicho kitu. Hapo nimekukosea."

*

Nyumbani, Sikio alimkuta mjomba ameketi mlangoni anafunga kamba za viatu vya kesho. Walikaa nyumba moja, vyumba viwili vinavyotazamana, na birika moja la chai kati yao.

"Mjomba, nina ombi."

"Kama ni la kuacha kuweka sukari, jibu ni hapana."

"Usije kiwandani siku hizi chache."

Mzee akaacha kamba. Sikio akamweleza yote, kuanzia Karani mpaka Meneja. Mzee alisikiliza kwa namna aliyokuwa akiisikiliza boila, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Kwa hiyo wanasema unaniiba toka kaburini."

"Ndivyo."

"Na mimi najiuliza lango lile lina wazimu gani. Kuna siku nikiweka kadi, taa ya kijani, karibu bwana. Kuna siku nyekundu, mpaka mlinzi anifungulie kwa mkono. Nikadhani lina siku zake za kununa, kama mama yako."

"Nyekundu siku gani?"

"Nitakumbuka wapi? Ah, siku zile ambazo mlinzi na mimi hatusikilizani. Nasema 'kula kete yako,' yeye anasikia 'funga geti lako.' Kelele tupu."

Sikio alikwenda kulala na neno hilo. Mzee naye hakwenda kiwandani kesho yake, wala keshokutwa. Alishinda mlangoni, viatu vimefungwa kamba, hana pa kuvipeleka.

*

Kelele. Sikio alilikumbuka neno lile siku saba baadaye, akiwa na daftari mapajani. Ghala halikuwa linapokea simu tangu tarehe kumi na nane. Akarudisha kurasa nyuma. Mwezi uliopita, kuanzia tarehe ishirini na nne, "ghala, haikupokelewa", mstari chini ya mstari, mpaka tarehe tatu. Tarehe nne asubuhi: ghala wamepokea. Tarehe nne mchana: jina la mjomba limerudi.



Akarudi nyuma zaidi. Toka siku ya mwisho ya kazi ya mjomba ghala lilikuwa kimya siku kumi nzima. Likaanza kupokea tarehe kumi na moja. Akapanda kwa Karani, akamwomba amwangalizie jina lilirudi lini ile mara ya kwanza.

"Tarehe kumi na moja," Karani akasoma. "Saa saba na dakika ishirini. Kwani vipi?"

"Hamna. Nilitaka kujua tu."

Hakungoja saa ya chakula ifike. Alivuka reli, akapita ubao wa drafti uliofunikwa na gazeti langoni, akaingia ghalani, na kelele zikampiga kifuani. Ile mashine kubwa ya kukwaruza mablanketi mpaka yatoke manyoya ilikuwa inazunguka. Hewa yote ilikuwa nyeupe. Wanawake walikuwa wamefunga vitambaa puani, nyusi zao zimeota mvi za siku moja. Simu ukutani pengine ilikuwa inalia, nani angeisikia?

Msimamizi wao, Bi Mkasi, alimvuta kando kwenye chumba kidogo cha kuwekea lebo. Huko walau waliweza kupiga kelele wakaelewana.

"Umekuja kurudi kwetu? Mkasi wako bado ninao!"

"Bado kidogo! Bi Mkasi, kile kisanduku cha kompyuta kiko wapi?"

Bi Mkasi akatabasamu kwa fahari, akaonyesha pembeni, juu ya meza. Palikuwa na blanketi la daraja la kwanza, limekunjwa vizuri na kuchomekwa pembe zote nne, kama mama anavyomfunika mtoto mwenye homa.

"Kimelala," akasema. "Yule fundi aliniambia nikitunze, vumbi ni adui yake. Basi kila tukianza kukwaruza nakizima, nakifunika. Tukimaliza, nakifunua, nakipangusa, nakiwasha. Hata unyoya mmoja hakijawahi kumeza!"

"Na lango linafanyaje kazi kikiwa kimezimwa?"

"Linafanya tu! Fundi alisema kimoja kikilala vingine vinashika zamu. Hakuna hata mtu aliyewahi kulalamika."

Sikio alilitazama blanketi lile. Hakuna aliyelalamika, kweli, na ndiyo maana hakuna aliyejua. Chini ya blanketi lile mjomba wake alikuwa bado mtu wa boila. Kisanduku kilikuwa kimelala kabla ya msiba. Wenzake wamezika, wameomboleza, siku saba zimepita, wamefagia kaburi. Kesho yake kinaamka, kinatazama uwanjani, hakioni kaburi lolote.

"Mnamaliza lini kukwaruza?"

"Kesho jioni. Alhamisi asubuhi nakifunua."

"Tafadhali, Bi Mkasi, usikifunue mpaka nije."

*

"Kinalala siku ngapi?" Fundi aliuliza kwenye simu.

"Kumi, mara zote. Mara nyingine na moja zaidi."

Fundi akasema taratibu, "Na mimi nikaandika saba. Kila kikinyamaza nasingizia kebo, hata kunyanyua simu niulize sikunyanyua." Kisha akauliza, "Kimefunikwa blanketi?"

"La daraja la kwanza."

Hapo wote wawili walicheka, vicheko vya watu waliokuwa wamebana pumzi.

Alhamisi asubuhi walisimama watu watano kwenye kile chumba cha lebo: Fundi na nyaya zake begani, Meneja, Karani, Bi Mkasi na Sikio. Mashine kubwa ilikuwa imenyamaza. Fundi alikuwa ameleta kompyuta ya mkononi iliyoonyesha orodha ya kisanduku cha kwanza. Jina la Mzee Mvuke halikuwemo.

"Nikiwasha hiki," Fundi akamwambia Meneja, "jina litarudi lenyewe, na mpwa wake amesimama hapa mikono mitupu. Bi Mkasi, funua."

Bi Mkasi akafunua, akapangusa, akabonyeza. Taa ndogo ikawaka, kitu ndani kikaanza kuvuma. Wakangoja. Dakika tano. Kumi. Karani alibadilisha mguu wa kusimamia. Orodha ilikaa vile vile.

"Halirudi," Meneja akasema.

Fundi akagonga vibonyezo, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Vinasalimiana. Vinaongea. Ndani ya hiki jina limo, lione hapa. Lakini hakilisemi kwa wenzake."

"Basi kuna aliyekuwa anakisemea," Meneja akasema, akamtazama Sikio.

Sikio hakumwona. Alikuwa anatazama dirishani, mlinzi anavyokunja lile gazeti juu ya ubao wa drafti. Aliona kitu ambacho kingemtisha juzi, lakini sasa kilimvuta tu, kama uzi unaouvuta ujue umeshonwa wapi.

"Karani," akasema, "mwezi ule mjomba alipoondoka, wengine walioondolewa ni wangapi?"

"Wanne na yeye. Wawili wa rangi, mmoja wa kufuma."

"Hao wengine waliwahi kurudi kwenye orodha?"

"Hapana."

"Na humu ndani wamo?"

Fundi akatazama. "Wamo. Wote watatu."

"Basi ni kitu kimoja," Sikio akasema polepole. "Mtu hasimulii ya zamani mpaka kitokee kitu kipya. Hiki kinadhani wenzake wanamjua mjomba, kwa hiyo hakina la kuwaambia. Lakini mjomba akipita langoni, lango linaandika nini?"

Fundi akapiga paji la uso kwa kiganja. "Saa aliyopita! Linaandika kwenye jina lake saa aliyopita mara ya mwisho. Hiyo ni habari mpya. Kinawaambia wenzake, wenzake wanasema huyu hatunaye, tupe mzima mzima, kinawapa. Hao wengine hawakurudi kupita hapa."

"Nani arudi kupita mahali alipoachishwa kazi," Bi Mkasi akasema, "kama si Mzee Mvuke?"

Kulikuwa na simu ukutani. Sikio akapiga nyumbani, na ilipolia mara moja tu ikapokelewa.

"Mjomba, viatu umefunga?"

"Tangu alfajiri."

"Njoo lango la ghala. Na kadi yako."

Mzee hakuwa mjinga. "Nikija, wataona ni lango, si wewe."

"Ndiyo."

"Na wakishaona, watalirekebisha lango."

Sikio akashika waya wa simu. "Ndiyo, mjomba."

"Nakuja," mzee akasema. "Mwambie mlinzi apange kete."

Alifika baada ya nusu saa, shati limepigwa pasi. Hakusalimia mtu kabla ya kazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kidude cha langoni, akaweka kadi yake. Kijani. Lango likafunguka. Ndani ya chumba cha lebo watu watano waliinamia kioo cha kompyuta. Wakahesabu pumzi mbili, tatu. Chini ya neno "Boila", mstari mmoja ukasogea chini, na mstari mwingine ukaingia mahali pake.

"Huyo hapo," Karani akanong'ona, kama aliyeona mzimu kwa macho yake.

Meneja aliutazama mstari ule kwa muda. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilikuwa imegeuka. "Sikio," akasema, "nilikuambia mwizi ndiye wa kwanza kupiga mayowe."

"Uliniambia, bosi."

"Mwenye nyumba naye hupiga." Akajikohoza. "Rudi kwenye meza yako. Fundi, sema unachotaka kufanya."

Fundi alisema, na safari hii hakumwambia Meneja peke yake. Kila sentensi aliimalizia kwa kumtazama Sikio. Vitaendelea kuwa vitatu, vyote vinaandika, maana kebo ya relini haijaacha kukatika. Kaburi litakaa siku tisini. Kisanduku kitakacholala zaidi ya hapo hakitaruhusiwa kusema neno kikiamka. Kitasahaulishwa yote, kinakili upya kwa mwenzake, ndipo kiongee. Hiki cha ghalani kitahamia kwenye chumba cha mlinzi, kusiko na manyoya. Na kila neno litaandikwa pamoja na mkono wa aliyeliandika.

"Na blanketi langu?" Bi Mkasi akauliza.

"Mfunike Fundi," Meneja akasema. "Yeye ndiye aliyeweka saba."

*

Jioni, kila kitu kikiwa kimenakiliwa upya, Fundi alimwachia Sikio kazi ya mwisho. Mjomba alikuwa amekuja mpaka mezani pa simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika chini ya zile ngazi. Alivuta kigoda akaketi.

"Nionyeshe jinsi ninavyokufa," akasema.

"Mjomba!"

"Nionyeshe. Nimezima boila mara elfu, sijawahi kuona mtu anavyozimwa."

Sikio akamwonyesha jina lake. Mzee akalisoma kwa sauti, jina lile la wazazi wake ambalo kiwandani hakuna aliyelitumia, polepole, kama anajitambulisha. Sikio akaweka kidole, akabonyeza. Safari hii pembeni pakaandikwa: saa kumi na moja na dakika nane, kisanduku cha kwanza, meza ya simu.

"Kaburi litakaa siku ngapi?"

"Tisini."

"Si haba," mzee akasema. "Kuna watu hawakumbukwi hata wiki." Akaiweka kadi juu ya daftari lenye jalada la blanketi, akaondoka bila kugeuka.

Kesho yake, saa saba kasoro dakika tano, simu ya ghala ikalia. Ilikuwa sauti ya mlinzi, nayo imejaa kicheko kilichobanwa.

"Meza ya simu? Nina mzee hapa langoni, hana kadi. Anadai amekuja kuitazama boila kama inapumua vizuri. Sheria inasema mgeni haingii bila ruhusa ya meza ya simu. Sasa nimwambieje?"

Nyuma ya sauti ile Sikio alisikia kete zikipangwa kwenye ubao, moja moja.

Akavuta kitabu cha wageni. Akaandika saa, akaandika lile jina la wazazi, akafika kwenye safu ya tatu.

"Ni mgeni wa nani?" mlinzi akauliza.

"Wangu," Sikio akasema. "Mruhusu apite."